Sanduku la Mwanafunzi: Umeme na Habari za Nyumbani katika Safari za Masomo kutoka Moshi

Historia ya elimu katika nchi ya Kilimanjaro imezoea kuandikwa kwa hesabu ya shule zilizojengwa, misheni zilizozijenga na vijana waliohitimu. Hesabu hizo ni njema, nasi twazihitaji. Walakini iko hesabu nyingine isiyotazamwa sana, nayo ni ya vitu vilivyotiwa katika sanduku la kijana aliyekuwa akiondoka kwenda kusoma ng'ambo. Sanduku ni shahidi asiyejua kusifu wala kulaumu. Uzito wake umewekewa mpaka na wenye meli au wenye ndege, na kwa hiyo kila kilichomo kimeshindana na kilichoachwa. Atakaye kujua watu wa Moshi walidhani ng'ambo ni mahali pa namna gani, na walitumaini kushikamana na mtoto wao kwa kamba gani, na alifungue.

Katika kurasa hizi nataka kulifungua mara kadhaa, kuanzia siku za barua za meli mpaka siku hizi za intaneti, na kutazama mambo mawili tu: vyombo vya umeme ambavyo mwanafunzi alivihitaji katika bweni, na njia aliyojiwekea ya kupashana habari na kwao. Nguo, vyakula na vitabu nawaachia wengine. Mahali pangu pa kusimama ni Rau, ukingoni mwa mji wa Moshi, ambapo mto wa jina hilo huteremka kutoka mlimani, ukapita penye msitu wa miti ya msoo, ukaenda kunywesha mashamba ya mpunga ya tambarare. Nimepachagua kwa sababu si mjini kabisa wala si shamba kabisa. Na mahali pa namna hiyo huonyesha vizuri kuliko mji mkubwa jinsi vitu vipya vinavyofika, na jinsi vinavyochelewa.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaiunganisha na reli ya Kenya kwa njia ya Voi. Tangu hapo kijana aliweza kupanda gari la moshi karibu na kwao, akashukia Mombasa penye meli za Ulaya. Fedha ya safari ilitoka katika kahawa. Wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao cha kwanza mwaka 1925, na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933. Karo za watoto wengi zililipwa kwa magunia yaliyopimwa katika maghala ya ushirika. Hata hivyo waliofika Ulaya kabla ya mwaka 1950 walikuwa wachache mno. Thomas Marealle, aliyekuja kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga mapema katika miaka ya 1950, alisoma Uingereza katika miaka ya 1940. Julius Nyerere si mtu wa Kilimanjaro, lakini safari yake yajulikana kuliko zote: alikuwa Edinburgh tangu mwaka 1949 hadi 1952.

Mwanafunzi wa miaka hiyo hakuchukua chombo chochote cha umeme, kwa kuwa hakuwa nacho. Wengi walitoka katika nyumba zilizowashwa taa za mafuta. Alichokihitaji ni maarifa, na maarifa hayo hayakuuzwa Moshi. Uingereza yenyewe haikuwa na umeme wa namna moja. Mitambo ilikuwa mali ya halmashauri za miji na makampuni mbalimbali hadi ilipotaifishwa mwaka 1948, na mji mmoja ulikuwa na nguvu ya volti isiyolingana na ya mji wa jirani. Plagi za zamani zilikuwa na vijiti vya mviringo vya ukubwa mbalimbali. Plagi yenye vijiti vitatu vya mraba, ambayo leo twaiona katika kila nyumba ya Moshi yenye umeme, iliwekewa kanuni mwaka 1947 tu, ikaenea polepole. Aliyenunua taa ya mezani katika mji mmoja hakuwa na hakika kwamba ingewaka katika chumba atakachopanga mwaka wa pili katika mji mwingine. Na katika nyumba nyingi za kupanga palikuwa na mita ya kutumbukizia shilingi: shilingi ikiisha, joto limeisha. Kijana aliyelelewa katika kihamba, ambako kuni ziliokotwa na moto haukuulizwa bei, alijifunza hapo hesabu ambayo hakuna mwalimu aliyemtayarisha kwayo.

Kamba ya habari siku zile ilikuwa barua. Barua ya meli ilichukua majuma kadhaa kila upande. Barua ya ndege, ile karatasi nyepesi ya buluu iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, ilifupisha safari hiyo ikawa ya siku. Vitabu vya historia husifu kasi hiyo na kunyamaza. Lakini tufuate barua mpaka mwisho wake. Posta ya Afrika Mashariki haikupeleka barua mlangoni pa mtu. Ilitia katika sanduku la posta, na sanduku lilikuwa la shule, la misheni, la duka au la chama cha msingi cha kahawa. Kutoka London hadi Moshi barua ilikwenda kwa ndege na kwa reli. Kutoka Moshi hadi kwa mama yake mwanafunzi ilikwenda kwa miguu ya mtu yeyote aliyekuwa akipanda mlima siku hiyo. Kama mtu huyo alikuwa na arusi au ugonjwa nyumbani, barua ililala katika mfuko wa koti lake.

Kilimanjaro ilikuwa na bahati katika jambo moja. Misheni ya Wakatoliki ya Kilema ilianza mwaka 1890, Walutheri wa Leipzig walifika mwaka 1893, na kusoma kukaenea mapema kuliko katika sehemu nyingi za nchi. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa muda mrefu kabla ya mwaka 1938, alikaza sana matumizi ya Kichaga katika kanisa na shule. Matokeo yake ni kwamba wazazi wengi waliweza kusoma wenyewe barua ya mtoto wao, kwa Kichaga au kwa Kiswahili, pasipo kumwita mtu wa kuwasomea. Jambo hili si dogo. Barua isomwayo na mtu wa tatu haiwezi kusema kila kitu. Mwanafunzi anayejua kwamba maneno yake yatapita kinywani mwa katekista ataandika kwamba yu mzima, kwamba baridi ni kali, na kwamba awasalimu wote. Aliyejua kwamba mama atasoma peke yake aliweza kuandika kwamba ameshindwa mtihani.

Miaka ya 1960 sanduku lilipanuka, na dunia ilipanuka zaidi. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya iliwachukua wanafunzi 81 wa Kenya kwenda Marekani. Mwaka uliofuata gharama zikabebwa na mfuko wa jamaa ya Kennedy, na hadi mwaka 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki, wengi wao wa Kenya na baadhi wa nchi jirani ikiwamo Tanganyika, walikuwa wamekwenda kwa njia hiyo. Mwaka 1960 kilifunguliwa chuo kikuu cha Moscow kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1970 vijana wa Tanzania na Zambia wakapelekwa Beijing kusomea kazi za reli ya TAZARA. Na mwaka 1971 ulifunguliwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kati ya Moshi na Arusha, hata ng'ambo ikawa inaonekana angani juu ya migomba.

Hapo ndipo tofauti za umeme zilipoanza kuuma. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, na mkondo wake hugeuka mara 50 kwa sekunde. Hii ndiyo desturi ya Ulaya, tuliyoirithi pamoja na mitambo yake. Marekani hutumia volti 120 na mara 60. Katika baadhi ya nyumba za Moscow za miaka ile ulikuwapo bado umeme wa volti 127. Mkulima wa Rau huelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini, maana amelelewa na mfongo, ule mfereji wa kale wa Wachaga. Volti ni msukumo wa maji. Chombo ni mlango wa shamba. Mlango uliochimbwa kwa maji madogo ukifunguliwa mfereji mkubwa, tuta hubomoka. Pasi ya Marekani ikitiwa katika umeme wa Moshi hupokea karibu mara nne ya nguvu iliyokusudiwa, na huungua mara moja. Birika la Moshi likipelekwa Marekani haliungui. Hukaa likinung'unika kwa robo ya nguvu yake mpaka mwenye nalo amekata tamaa ya chai.

Ile tofauti ya mara 50 na mara 60 ni ya hila zaidi, kwa kuwa haina moshi wala harufu. Chombo cha santuri cha zamani ambacho mota yake ilifuata mkondo, kama kilitengenezewa Marekani, kikirudishwa Moshi na kupewa transfoma ya kupunguza volti, kiliwaka vizuri na kuzunguka polepole kwa sehemu moja katika sita. Mwimbaji alishuka sauti, na dansi ikawa matanga. Transfoma hugeuza volti, haigeuzi mizunguko. Na kila aliyerudi na sanduku zito la vyombo vya Marekani alilijua hilo baada ya kulipa ushuru.

Rau ina sababu yake ya pekee ya kukumbuka jambo hili. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, unaotegemea maji ya mto Rau na chemchemi za Njoro, ulijengwa kwa msaada wa Japani, ukakamilika mwaka 1987. Na Watanzania waliofanya kazi na wataalamu wa Kijapani walipata nafasi za kwenda Japani kwa mafunzo. Sasa Japani ni nchi ya ajabu kwa umeme. Volti zake ni 100, chache kuliko za karibu nchi zote, na taifa limegawanyika sehemu mbili: mashariki, penye Tokyo, mkondo hugeuka mara 50, magharibi, penye Osaka, mara 60. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Tokyo walinunua mitambo kutoka kampuni ya AEG ya Ujerumani, nao wa Osaka wakanunua kutoka Marekani. Mpaka wao, ulio karibu na mto Fuji, haujaondolewa hata leo. Mafundi wa Kijerumani walioamua mizunguko ya Tokyo waliamua katika miaka ileile ambayo dola lao lilikuwa likijenga boma Moshi. Wala hakuna aliyewashauri Wajapani, wala Wachaga.

Chombo cha kwanza cha kisasa kilichosafiri bila taabu kilikuwa redio ya transista, kwa sababu ilitumia betri na haikujali volti za mtu. Ilikwenda na kurudi. Kwa wazazi wengi wa mlimani ilikuwa zawadi ya kwanza ya ng'ambo yenye kusema, na mara nyingi ilikuwa chombo cha kwanza cha namna hiyo katika nyumba. Lakini redio husema bila kusikiliza, haikuwa kamba.

Kisha likaja jambo ambalo wanafunzi wa leo hawalisadiki wakielezwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kazi ya kuitegemea kwa hesabu za Serikali ilikuwa imeleta hasara na fujo. Basi mlango ukafungwa, ukafunguliwa tena mapema katika miaka ya 1990. Televisheni nayo: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Sipendi kuihukumu amri ile kwa macho ya leo. Nchi maskini ilikuwa na haki ya kuchagua itumie wapi fedha zake za kigeni, na wapo waliokwisha kuona mashine za bei kubwa zikikusanya vumbi. Lakini gharama yake iliandikwa katika daftari la mwanafunzi. Kijana aliyeondoka Moshi katika miaka ya 1980, ambaye alikuwa amefaulu hisabati kuliko wenziwe wote wa mkoa, aliketi katika maabara ya chuo cha Ulaya mbele ya kioo na vitufe ambavyo mkono wake haukupata kuvigusa, huku mwenziwe wa kitanda cha pili, aliyeshindwa naye katika hisabati, akipiga vitufe hivyo bila kutazama. Hakukuwa na kitu cha kutia katika sanduku kuponya pengo hilo. Muhula wa kwanza wa wengi ulikwenda katika kujifunza chombo, si somo.

Simu ilikuwako, ila ilikuwa ya ofisi, ya hospitali na ya wachache. Mwanafunzi aliyetaka kuisikia sauti ya mama yake aliandika kwanza barua, akataja siku na saa, na mama akaenda akangoja penye simu ya posta au ya mtu mwenye nafasi. Simu ilifika au haikufika. Ikifika, nusu ya dakika zilizolipiwa ziliishia katika kuulizana kama sauti yasikika. Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994 na kuenea mikoani mwanzoni mwa karne hii. Wakati huohuo zikafunguka mjini Moshi nyumba za kulipia intaneti, ambazo wanafunzi wa kwetu na watalii waliokuja kupanda mlima walikaa bega kwa bega wakingoja ukurasa ufunguke. Habari zilipita kwa setelaiti, kwa bei kubwa na mwendo wa kobe. Nyaya za chini ya bahari zilifika pwani yetu hatimaye: SEACOM mwezi Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata.

Tangu hapo sanduku limekuwa jepesi kwa namna ya kudanganya. Kompyuta ya mapajani na simu ya mkononi zimekula redio, kamera, saa, kamusi na karatasi ya buluu. Na ule ugomvi wa volti umekwisha kwa sehemu kubwa: tazama maandishi madogo juu ya chaja, utaona yasema volti 100 hadi 240, mizunguko 50 hadi 60, maana yake yakubali Moshi, Osaka na New York bila kulalamika. Kinachotakiwa ni adapta ya kugeuza umbo la plagi, kitu cha bei ndogo kiuzwacho Moshi mjini; na mwenye busara huchukua adapta moja na waya mmoja wa kugawa umeme wenye soketi nyingi, maana bweni huwa na soketi chache. Waya huo nao lazima usomwe, kwa kuwa baadhi ya vyuo hukataza usio na fyuzi. Vyombo vya joto havimo katika neema hii. Pasi, birika, mashine ya kukaushia nywele na jiko dogo la umeme vingali vina volti moja, na isitoshe mabweni mengi ya Uingereza, Marekani na China huvikataza kabisa kwa kuogopa moto. Mama anayetia jiko la umeme katika sanduku la binti yake aendaye China ampa kitu kitakachochukuliwa na mlinzi wa bweni. Katika vyuo vingi vya huko umeme wenyewe hukatwa usiku ili wanafunzi walale. Na hapo, kwa mara ya kwanza, mtoto wa Rau huwa na faida juu ya mtoto wa New York, kwa sababu yeye alizaliwa akijua kuchaji mapema.

Kuhusu intaneti ya bweni, mgeni hudhani kwamba itakuwa kama hewa. Si hivyo. Mtandao wa chuo hufunguliwa kwa jina na neno la siri alilopewa mwanafunzi, na pengine kila chombo huandikishwa. Utaratibu uitwao eduroam, ulioanza Ulaya mwaka 2002, humruhusu mwanafunzi wa chuo kimoja kutumia mtandao wa kingine kwa jina lilelile, na vyuo vya Afrika Mashariki navyo vimo. Lakini hufanya kazi vizuri kwa yule aliyeutia katika simu yake angali kwenye chuo chake, si kwa yule anayesimama usiku mlangoni pa bweni akitafuta maelekezo katika intaneti ambayo bado hajaipata.

Haya yote huandikwa katika karatasi za maelekezo ambazo vyuo huwapelekea wanafunzi wao wapya, nazo ni karatasi nzuri. Ila zote humwambia anayekwenda. Nikizipitia safari hizi tangu barua ya meli, naona kwamba kwa kizazi baada ya kizazi tumemwandaa anayekwenda, na kamba imekatika mara nyingi upande wa waliobaki. Barua ilifika Moshi ikalala katika koti. Simu ilifika posta mama akiwa amekwisha kuondoka. Na leo picha yenye sauti hutoka katika bweni kwa kasi ya umeme, ikafika Rau kwenye simu iliyokwisha kifurushi, au yenye kioo kilichopasuka, au iliyo mikononi mwa mjukuu aliyekwenda shule.

Chukua mfano wa China. Barua pepe za Google zimezuiwa huko tangu mwaka 2014, na WhatsApp tangu mwaka 2017. Mwanafunzi hutumia WeChat. Lakini WeChat haina maana kama mama hanayo, na mtumiaji mpya mara nyingi huombwa athibitishwe na mtumiaji wa zamani kwa kusomesha alama kutoka simu hadi simu. Kazi hii hufanyika kwa dakika kumi sebuleni Rau kabla ya safari. Baada ya safari hufanyika kwa majuma, kwa kumwelekeza mama kupitia jirani, ambaye naye huelekezwa kupitia binamu aliye Arusha.

Au chukua namba ya simu. Mwaka 2019 Serikali iliagiza laini zote zisajiliwe kwa alama ya kidole, na tangu tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Aliyekuwa ng'ambo alikuwa na shida ya wazi, maana kidole hakitumwi kwa posta. Tena laini isiyotumika kwa miezi mingi hufungwa, na namba yake hupewa mtu mwingine. Zamani hasara hiyo ingekuwa ndogo. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, namba ya simu imekuwa pochi, na tangu benki na barua pepe zilipoanza kutuma tarakimu za kuthibitisha, imekuwa ufunguo. Mwanafunzi anayeondoka na simu mpya na kumwachia mdogo wake laini ya zamani bila kwanza kuhamisha funguo zake, amemwachia nyumba nzima. Naye mdogo wake, asiyejua alichoachiwa, huipoteza sokoni.

Na iko hatari ambayo hakuna adapta yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na haikurudi mpaka mwanzoni mwa Novemba. Zilikuwa siku za machafuko na vifo. Kwa mwanafunzi aliye katika bweni la mbali, mwenye umeme usiokatika na mtandao wa kasi, siku hizo zilikuwa ndefu kuliko majuma ya barua ya meli, kwa sababu aliyengoja barua alijua kwamba yangoja naye njiani, lakini huyu hakujua kama kuna kitu chochote kilicho njiani. Waliokuwa wameandika katika daftari namba za kawaida za majirani, za mwalimu, za parokia na za duka la karibu, walikuwa na mlango mmoja wa kujaribu kuubisha. Wengine walikuwa na majina tu ndani ya simu, bila namba yoyote waliyoijua kwa kichwa.

Yafaa pia tutazame safari ya kinyume, maana Rau imekuwa bweni la wengine. Tangu miaka ya 1990 hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, imeshirikiana na chuo kikuu cha Duke cha Marekani, na Moshi na viunga vyake hupokea kila mwaka vijana wa Ulaya na Marekani wanaokuja kujifunza au kujitolea. Nao hufungua masanduku yao hapa. Huja na taa za kuvaa kichwani, na betri za akiba za kuchajia simu, na adapta za namna tatu. Wameambiwa kwamba umeme hukatika. Na ni kweli, kama mgawo wa miaka ya 2006, 2011 na 2023 ulivyotufundisha. Kilichonivutia kwao ni kitu kimoja: kabla ya kuondoka, wengi wao wameshawaandikia wazazi wao karatasi yenye namba ya mwenyeji, namba ya ubalozi, tofauti ya saa, na onyo kwamba kimya cha siku mbili si msiba. Hawa ni vijana wanaotoka katika nyumba zenye kila kitu, nao ndio wanaomwandaa aliyebaki. Sisi, ambao kimya tumekijua kwa vizazi vitatu, twafunga sanduku kwa kamba, twaomba, na kupungia mkono.

Kwa wanafunzi wa historia nina neno la kazi. Barua za ndege za miaka ya 1950 na 1960 zingali katika nyumba nyingi za mlimani, ndani ya masanduku ya bati, chini ya vyeti vya ubatizo na stakabadhi za kahawa. Zimeliwa kidogo na mende, lakini zasomeka, wala hazihitaji chaja. Atakayeziomba kwa adabu, na kuzinakili mbele ya wenyewe bila kuziondoa, atapata historia ya elimu ambayo haimo katika ripoti za Serikali. Lakini mazungumzo ya miaka ya 2000 katika nyumba za intaneti yamepotea pamoja na anwani zilizosahauliwa, na ya miaka ya 2010 yamekufa katika simu zilizoanguka majini. WhatsApp ina njia ya kutoa mazungumzo yote ya watu wawili yakawa faili moja la maandishi. Hupatikana katika orodha iliyo juu ya ukurasa wa mazungumzo, na huchukua muda wa kuchemsha maji. Duka lolote la kuchapisha karatasi mjini Moshi laweza kuligeuza kurasa, na mwaka mmoja wa mama na binti yake, ukiondoa picha na sauti, huingia katika bahasha ya kawaida.